Karatasi Moja Iliyompa Frou-Frou Ushindi: Uzoefu Wangu na Mkusanyiko wa Hadithi za Mbio za Farasi

Naandika nikiwa bado na hasira, na sitaki kungoja ipoe, kwa sababu hasira ikishapoa mtu huanza kuwatafutia wengine udhuru. Nilinunua mkusanyiko wa hadithi na sura za riwaya za zamani zinazohusu mbio za farasi, toleo la Kiingereza lenye jalada gumu na bei ya kumfanya mtu afikiri mara mbili, nikakuta limepungua karatasi moja. Karatasi moja ni kurasa mbili. Muuzaji aliniambia kwamba hilo ni jambo dogo. Nitaeleza kwa nini si dogo hata kidogo, kisha kila mtu ataamua mwenyewe kama ataweka fedha zake hapo.

Sura iliyokatika ni ile ya mbio za maofisa katika Anna Karenina ya Leo Tolstoy, riwaya iliyoanza kuchapishwa kwa mfululizo jaridani mwaka 1875 na kutoka kama kitabu kizima mwaka 1878. Aliyeisoma atakuwa ameshaelewa uzito wa ninalolisema. Kwa ambaye hajaisoma, mambo yako hivi. Huko Krasnoye Selo, Urusi, mbele ya jukwaa walikoketi wakubwa wa dola na mfalme wao, maofisa 17 wanashindana kuzunguka njia ya versti nne, yaani kilomita nne na ushei, yenye vizuizi tisa. Kuna kijito, kuna ukuta mrefu mbele ya jukwaa, kuna mitaro mikavu na mitaro ya maji, na kuna tuta lililopandwa vichaka ambalo nyuma yake umejificha mtaro ambao farasi hauoni, kwa hiyo hana budi kuvuka vyote viwili kwa mruko mmoja au aangamie. Aleksei Vronsky amempanda Frou-Frou, farasi jike mwembamba, mwenye damu ya moto. Mkufunzi wake Mwingereza, Cord, amempa wosia mmoja kabla hajapanda, kwamba asimzuie wala asimhimize farasi mbele ya kizuizi, bali amwache aamue mwenyewe. Vronsky anamfukuza Gladiator, farasi wa Makhotin, anampita, anavuka lile tuta la hatari, na wenzake wa kikosini waliosimama pale wanapaza sauti, "Bravo, Vronsky!"

Hapo ndipo kitabu changu kinapoishia. Baada ya kelele hizo za kumpongeza, namba za kurasa zinaruka, na jicho linatua moja kwa moja Paris, kwa mwandishi Mfaransa Émile Zola.

Kilichopotea ni hiki. Umebaki mtaro mmoja tu wa maji, mdogo, usiofika hata mita moja na nusu. Vronsky hauangalii mtaro huo. Anachotaka sasa ni kushinda kwa umbali mkubwa. Frou-Frou anauvuka kana kwamba haupo. Lakini mpandaji hakwenda sawa na mwendo wa mnyama wake, akajirudisha kwenye tandiko wakati usiofaa, na kwa kosa hilo moja akamvunja uti wa mgongo. Makhotin anapita. Vronsky, akiwa bado haelewi, anavuta hatamu, anampiga teke la kisigino tumboni, na yule jike, asiyeweza kuinuka, anamtazama tu. Wanaamua kumpiga risasi. Tolstoy anasema kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwake mtu huyu alionja msiba mzito usio na dawa, ambao yeye mwenyewe ndiye aliyeusababisha. Hizo ndizo kurasa mbili zilizokosekana. Si maelezo ya ziada wala mapambo ya mwandishi; ndizo sababu ya sura yote kuandikwa, na kwa kuziacha nje, kiwanda cha uchapaji kimemgeuza Vronsky kuwa mshindi.

Nilikinunua kitabu hiki kwa ajili ya mtoto wa kaka yangu, ambaye ni saisi katika mazizi ya Nairobi, karibu na uwanja wa mbio wa Ngong. Kijana huyu huamka kabla ya alfajiri kuwalisha, kuwasugua na kuwatembeza farasi ambao jina lake halitatajwa kamwe watakaposhinda, na anapenda kusoma kuliko watu wengi niliokaa nao darasani. Niliona kwamba mtu kama huyo, anayejua harufu ya jasho la farasi na anayetambua mguu unaouma kabla mwenye farasi hajagundua, anastahili kusoma yale ambayo mabingwa wa hadithi wameyaandika juu ya kazi yake. Siku chache baadaye nilipomuuliza ameanza na ipi, alinijibu kwa furaha kwamba ameanza na ya Mrusi. "Jike amewashinda wote, shangazi. Hata wenzake wanamshangilia yule ofisa."

Nilidhani ananitania. Nilipoona hatanii nilikichukua kitabu, nikafungua, nikaona namba za kurasa. Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Huyu ni mtu ambaye kila siku ya mbio anawaona wapandaji wakilipia au wasilipie makosa ya namna hiyo, huku gharama yote ikibebwa na mnyama. Kati ya wasomaji wote wa kitabu hiki, yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kwanza ya kuujua mtaro ule wa mwisho, na yeye ndiye aliyenyimwa.

Nikarudi dukani na kitabu na risiti. Kijana aliyekuwa mezani hakuinua macho kwenye simu yake mpaka nilipokiweka kitabu mbele yake na kukifungua pale pale palipokatika. Akaangalia kidogo, akasema, "Mama, hiyo ni karatasi moja tu. Kitabu kizima kina kurasa zaidi ya mia nne." Nikamwomba afungue nakala nyingine iliyokuwa rafuni. Akafungua. Ilikuwa na pengo lile lile. Nikamwomba afungue ya tatu, nayo ikawa hivyo hivyo. Nilitegemea kwamba sasa ataona haya, au angalau atamwita mkubwa wake. Badala yake uso wake ulichangamka, akaniambia, "Unaona, Mama? Zote ziko hivyo. Basi hiki chako hakina kasoro."

Fundi akikushonea kanzu isiyo na mkono mmoja hawezi kukuambia kwamba kanzu zote alizoshona juma hilo hazina mkono, kwa hiyo yako ni nzima. Nilimwambia hivyo. Nikamfungulia pia utangulizi wa kitabu, ambamo mhariri mwenyewe anasifu kuanguka kwa Frou-Frou na kusema kwamba ndiko kulikomfanya aichague sura hiyo. Mhariri anasifu jambo ambalo kitabu chake hakina! Kijana akajibu kwamba utangulizi ni maoni ya mtu. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo linanichoma, na alilisema bila ukali wowote, kama mtu anayemfariji mwenziwe: "Na hadithi yenyewe imeisha vizuri tu, wanamshangilia. Wewe ulitaka iishe vipi?"

Nilitaka iishe kama Tolstoy alivyoimaliza. Nilitaka Frou-Frou afe, kwa sababu alikufa, na nilitaka aliyemuua aonekane akiwa amesimama kwenye matope bila kujua aende wapi. Duka la vitabu likishafika mahali pa kumwambia mnunuzi kwamba mwisho wa hadithi ni suala la kupenda au kutopenda, sioni tena linauza nini. Hawakunirudishia fedha. Hawakuniahidi hata kuwaandikia wachapishaji.

Hapa lazima niseme jambo ambalo litaonekana kupingana na yote niliyokwisha kuyasema. Kilichobaki katika kitabu hiki ni kizuri mno. Nilikusudia kukiacha juu ya kabati kiote vumbi, lakini usiku huo huo nilianza kusoma sura ya Zola kwa hasira tu, ili nione kama nayo imekatwa, na sikuweza kuiacha. Ni sura ya mbio za Grand Prix de Paris pale Longchamp, kutoka katika riwaya ya Nana ya mwaka 1880. Bwana Vandeuvres, mtu wa ukoo mkubwa ambaye mali yake inamponyoka, anaingiza farasi wawili: Lusignan, ambaye watu wanamtegemea, na jike mmoja aliyempa jina la mwanamke anayemharibu, Nana, ambaye hakuna anayemjali. Dau za watu zinapanda na kushuka mchana kutwa, magari ya farasi yamejaa uwanjani, watu wanakula na kunywa na kutukanana, kisha yule jike asiyejaliwa anawapita wote, na umati wote wa uwanja unaliita jina lake. Mwanamke amesimama juu ya gari lake anasikia Paris nzima ikimwita, na hajui tena kama wanamwita yeye au mnyama. Sijasoma popote umati wa watu ulioandikwa kwa nguvu kama ule. Udanganyifu wa Vandeuvres unagunduliwa, anafukuzwa kwenye mbio, naye anajifungia zizini na farasi wake na kulitia moto. Kila farasi aliyemo mle anateketea kwa aibu ya mtu mmoja. Ukiisoma mara tu baada ya Tolstoy utaona kwa nini mhariri aliziweka jirani, kwa sababu kote kuwili mwanadamu anacheza na mnyama ndiye anayelipa. Ila katika nakala hii hutaona lolote, kwa kuwa nusu ya kwanza ya ulinganisho huo haimo. Hata uzuri wa kitabu hiki, basi, unanirudisha kwenye lile pengo.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni sura kutoka Esther Waters ya George Moore, ya mwaka 1894, na kama mkusanyiko huu ungekuwa na hizo peke yake ningeusifu bila masharti. Moore alikuwa Mwairishi aliyekulia kwenye nyumba ya farasi. Farasi wa baba yake aitwaye Croagh Patrick alishinda mbio za Stewards' Cup huko Goodwood, Uingereza, mwaka 1861, na mwandishi hakuusahau utoto ule: katika riwaya yake, farasi Silver Braid anashinda mbio hizo hizo. Lakini Moore hatuweki jukwaani pamoja na matajiri. Anatuingiza jikoni. Esther ni msichana maskini, mcha Mungu, asiyejua kusoma, anayekwenda kufanya kazi katika nyumba ya Woodview, Sussex, ambako kila mtu kuanzia bwana mpaka mtumishi anaishi kwa kuota farasi. Silver Braid anaposhinda, nyumba nzima inafurika fedha kwa muda mfupi, nguo mpya zinanunuliwa, na ni katika wakati huo wa raha ndipo Esther anapopotea mikononi mwa William, mtoto wa mpishi. Anafukuzwa akiwa mjamzito. Miaka kadhaa baadaye William anarudi, anamwoa, na sasa ana baa huko Soho ambamo anapokea dau za wateja kwa siri, kwani sheria ya mwaka 1853 ilikuwa imepiga marufuku nyumba za kamari za namna hiyo. Polisi wanaingia, leseni inakwenda, kifua kikuu kinamshika William, na fedha za mwisho, ambazo zingempeleka Misri kutafuta hewa kavu, anaziweka juu ya farasi kwa tumaini la kuziongeza.

Kila anayeishi katika mji wenye vibanda vya kubeti anamjua William. Mimi ninao akina William katika ukoo wangu, na sikuwahi kuona mwandishi aliyewaeleza bila kuwadharau na bila kuwatetea mpaka niliposoma kurasa hizi. Maktaba za kuazimisha za W. H. Smith zilikataa kukiweka kitabu hiki kilipotoka, kisha Gladstone, waziri mkuu wa Uingereza aliyekuwa ametoka tu madarakani, akakisifu hadharani. Nashukuru kwamba kurasa hizo zimo zote. Nilizihesabu moja moja, kwa kuwa duka lile limenifundisha kuhesabu.

Hadithi nyingine nitazipitia upesi. Ile ya D. H. Lawrence ya mwaka 1926, ya mtoto anayepanda farasi wa mbao kwa ghadhabu mpaka anataja jina la farasi atakayeshinda mbio za Derby, inatisha kama ilivyokusudiwa, na inamaliza kwa mauti ambayo hakuna mchapaji aliyethubutu kuyakata. Ningependa kumkuta pia Kholstomer, yule farasi wa Tolstoy anayesimulia maisha yake mwenyewe, lakini hayumo, na sitalaumu chaguo la mhariri.

Imo vilevile "Silver Blaze" ya Arthur Conan Doyle, iliyotoka mwaka 1892, ya farasi aliyeibiwa kabla ya mbio na mbwa ambaye hakubweka usiku. Kama fumbo ni hadithi safi. Kama habari ya mbio ina makosa tele, kwa sababu Conan Doyle hakuzijua kanuni za mchezo, na watu wa farasi walimkosoa gazetini. Baadaye aliandika katika kumbukumbu za maisha yake kwamba ujinga wake katika hadithi ile unalia mpaka mbinguni, na kwamba kama wahusika wake wangetenda vile kweli, nusu yao wangefungwa na nusu nyingine wangepigwa marufuku viwanjani maisha. Niliposoma hivyo hasira yangu ilirudi yote, na zaidi. Mwandishi mwenye jina duniani kote alikubali kosa lake mbele ya wasomaji wake wote, ilhali muuzaji mwenye nakala tatu mbovu mkononi ameshindwa kusema, "Samahani, Mama, kweli imepungua." Maneno hayo yangenitosha. Ningekwenda zangu na kitabu changu chenye pengo, na tathmini hii isingeandikwa.

Kurasa zilizokosekana nilizipata katika nakala kamili ya riwaya niliyoazima maktaba, nikazitoa fotokopi na kumpelekea kijana wetu. Pamoja nazo niliongeza zile sura chache za mbele ambamo Tolstoy anazisimulia mbio hizo hizo kwa mara ya pili kutoka jukwaani. Huko hatumwoni farasi hata kidogo, tunamwona Karenin akiutazama uso wa mkewe. Maofisa wanaanguka mmoja baada ya mwingine, wanawake wanashtuka, lakini uso wa Anna hausogei mpaka anapoanguka mmoja, Vronsky, na hapo mumewe anajua kila kitu. Anamnyoshea mkono amwondoe pale, anafanya hivyo mara tatu, na ndani ya gari, njiani kurudi, mke anamwambia kwa kinywa chake kwamba anampenda yule mwingine. Mhariri aliziacha sura hizi kwa hiari yake, na hilo kwa maoni yangu ni kosa la hukumu, kwa sababu anguko moja la farasi ndilo linaloivunja ndoa ile. Lakini kukosea hukumu ni haki ya mhariri. Kupoteza karatasi si haki ya mtu yeyote.

Kijana alizisoma zote kisha akanipigia simu. Hakuwa na la kusema juu ya Anna wala juu ya ndoa. Alinieleza, taratibu na kwa undani, kinachotokea mpandaji anapokaa chini mapema wakati miguu ya nyuma ya farasi bado iko hewani: uzito wote unaangukia kiunoni, mahali pasipo na msaada, wakati mgongo unajikunja ili kuivuta miguu hiyo mbele. Alisema kwamba aliyeandika vile alikuwa mtu aliyepanda farasi sana. Kisha akauliza kwa nini aliyemtunza yule jike tangu asubuhi hatajwi tena mwishoni, na nani alikwenda kumvua lijamu. Nimesoma riwaya ile zaidi ya mara moja na swali hilo halikuwahi kunijia.

Kwa hiyo nihukumu vipi? Nilipoanza kuandika nilikusudia kukipa kitabu nyota moja. Nilipofika kwa Moore nilikuwa tayari kukipa nne na kuwaomba watu wakinunue hata kikiwa hivyo kilivyo, mradi waitafute karatasi iliyopungua mahali pengine. Sasa, baada ya kuyaandika tena maneno ya yule kijana wa dukani, siwezi. Kila anayekinunua kitabu hiki bila kujua ataondoka akiamini kwamba Frou-Frou alifika salama, na huo ni uongo unaouzwa kwa bei kamili. Kabla ya kulipa, mfungulie muuzaji sura ya Tolstoy mbele ya macho yake. Isipokuwa na mtaro wa mwisho, rudisha kitabu rafuni. Wachapishaji wakitoa nakala nzima nitainunua siku hiyo hiyo na kurekebisha nyota zangu, kwa sababu mhariri aliyewakusanya waandishi hawa anastahili kusomwa. Duka lile, hata wakinipa nakala hiyo bure, sirudi.